Uhuru bila shamba: Waingereza wa Banani na wachumaji wa Kiuyu

Karafuu zikiiva, wako watu wa Kiuyu, kaskazini mashariki mwa Pemba, wanaofunga safari kwenda magharibi ya kisiwa. Kwao ni uwanda, ardhi ya mawe inayokubali muhogo na mtama lakini haiutaki mkarafuu. Huko waendako hukwea miti ya wenyewe, jioni hutenga karafuu na makonyo, kisha hupimiwa walichochuma na kulipwa. Mgawanyo huu wa mwenye mti na mchumaji una historia, na mwaka wake mkubwa ni 1897.

Aprili ya mwaka huo Sayyid Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, aliiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Hata hivyo mtumwa ilimbidi aende mwenyewe kuudai uhuru wake, na akishaupata aonyeshe makazi na njia ya riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Masuria walingoja hadi 1909.

Mwaka huohuo walifika Waingereza wa namna nyingine, Marafiki, dhehebu la Kikristo maarufu kwa jina la Quaker. Theodore Burtt na wenzake walifungua misheni Banani, karibu na Chake Chake, wakawaajiri kwa ujira walioachwa huru. Marafiki nao kwao walikuwa wameonja ubaguzi: wahenga wao walifungwa kwa imani yao, wakiwamo waliokataa kumvulia kofia mkubwa yeyote, na hadi karne ya 19 digrii za Oxford na Cambridge ziliwekewa waumini wa kanisa la dola. Wengi wakageukia biashara. Cadbury wa chokoleti ni miongoni mwao. Wakati huo Waingereza wa tabaka la watawala walistarehe katika kilabu chao Unguja, ambako Mwafrika aliingia kuhudumu.

Wema wa Banani ulikuwa wa kweli, lakini ujira si shamba. Ushuru wa karafuu ndio ulioibeba hazina ya serikali, kwa hiyo Waingereza waliwaachia wenye mashamba mashamba yao na kuwataka waliokuwa watumwa waendelee kuchuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ziligawiwa eka tatu tatu, ila uwanda wa Kiuyu haukuwa na mikarafuu ya kugawa, na watu wake wakabaki wachumaji.

Ndiyo maana bei ya karafuu inapopangwa, ujira wa mchumaji nao upangwe papo hapo, mezani hapohapo.