Redio za zamani Beni na Butembo: namba za uongo zilianza mbele ya telefone

Familia inapokimbia vita, inabeba watoto, godoro, sufuria na chakula kidogo. Redio mara nyingi inabaki nyumbani. Wakaaji wengi wa Beni na Lubero wamepitia hali hiyo, tangu mauaji ya raia yalipoanza eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, na tena baada ya Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Wanapofika mjini na kupata pesa kidogo, wengi wanatafuta redio ya mtumba, maana habari za usalama wa barabara, za chanjo na za kijiji walichokiacha zinapita humo.

Siku hizi redio hiyo inaonekana kwanza kwenye telefone: picha nzuri, bei ndogo, na maneno kama “asili ya Japani”, “bandi 12” au “wati 1,000”. Maneno ya namna hiyo yana historia ndefu kuliko telefone yenyewe. Zamani sana wauzaji walielewa kwamba mnunuzi asiyeweza kufungua mashine ataamini namba iliyoandikwa juu yake.

Transista zisizofanya kazi

Redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa watu wengi, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954. Ilikuwa na transista 4. Mwaka uliofuata Sony ya Japani ilitoa ya kwake. Redio hizo hazikuhitaji umeme wa ukutani wala betri nzito, na ndiyo sababu zilienea vijijini haraka. Kwa wasikilizaji wa Kiswahili zilifika wakati mzuri: BBC ilikuwa imeanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, na Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963. Katika Congo neno transista likageuka kuwa jina la redio yenyewe.

Watu wakaamini kwamba redio yenye transista nyingi ndiyo bora. Basi viwanda vingine vikaanza kuongeza transista ambazo hazikusaidia sauti wala kushika mawimbi. Nyingine zilifungwa ndani bila kazi yoyote, ili tu namba kubwa iandikwe nje. Mwaka 1968 Tume ya Biashara ya Marekani ikatoa kanuni ya kukataza hesabu hiyo ya kudanganya. Kanuni hiyo haikufuta redio zilizokuwa zimeshauzwa duniani. Ndiyo maana redio ya miaka ya 60 iliyoandikwa namba kubwa ya transista si lazima iwe bora kuliko yenye namba ndogo.

Wati za karatasi

Baada ya transista zikafuata wati. Kila kiwanda cha mashine za muziki kilipima nguvu kwa namna yake, na namba zikapanda ovyo. Mwaka 1974 tume ile ile ya Marekani ikaweka kanuni ya namna moja ya kutangaza nguvu ya mashine hizo. Lakini baadaye, katika masoko mengi ya dunia, yakaenea maandishi ya “PMPO”, kipimo kisicho na kanuni inayokubalika. Kinahesabu nguvu ya nukta moja fupi sana, isiyoweza kuendelea.

Fundi wa redio anajua njia rahisi ya kuikamata namba hiyo. Nyuma ya mashine kuna kibandiko kinachoonyesha umeme inaoutumia. Mashine inayokula wati 30 ukutani haiwezi kutoa wati 1,000 za muziki. Hakuna mashine inayotoa kwa muda nguvu kuliko ile inayoingia.

Asili ya Japani, lakini kwa Wajapani

Butembo ni mji wa biashara. Mali yake imepita muda mrefu kwa Kasindi, ikitokea Uganda na bandari ya Mombasa, na wafanyabiashara wake wamesafiri hadi Dubai na Guangzhou. Kwa njia hizo mitumba ya kweli inafika, na ya kuigiza pia: redio zenye jina la kiwanda kikubwa lililobadilishwa herufi moja, au redio mpya kabisa zilizopewa sura ya zamani.

Kuna pia tangazo linalosema kweli na bado linamtia mnunuzi hasara. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90. Huku kwetu vituo vinatangaza kati ya 87.5 na 108. Redio ya zamani iliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi haishiki vituo vya juu ya 90. Madereva wa magari yaliyotoka Japani wanalijua jambo hili vizuri. Zaidi ya hayo, umeme wa Japani ni volti 100, na wa Congo ni 220. Ukichomeka mashine hiyo ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme, inaweza kuungua papo hapo. Redio ambazo Japani ilitengeneza kwa kuuza nje hazina shida hiyo ya FM, kwa hiyo swali la kwanza ni namba za kiooni: FM inaanzia wapi na inaishia wapi?

Bandi 12 ni nini?

Redio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, kwa ushirikiano wa MONUC na Fondation Hirondelle. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, redio za Beni na Butembo zilipeleka ujumbe wa kujikinga hadi nyumba kwa nyumba. Kwa habari za namna hiyo, FM moja inayoshika vizuri inatosha.

Lakini matangazo yanasifu bandi. Kwenye redio nyingi za “bandi 12”, moja ni FM, moja ni mawimbi ya kati, na 10 zilizobaki ni mawimbi mafupi yaliyokatwa vipande vidogo. Vipande vinasaidia kutafuta kituo, ila haviongezi nguvu ya kushika. Katika redio hafifu, kituo kimoja cha mawimbi mafupi kinasikika sehemu mbili za kioo. Hivyo si vituo viwili. Ni udhaifu wa mashine.

Kabla ya kutuma pesa

Muuzaji wa kweli hachoki kujibu. Mwombe picha ya nyuma ya redio, ya kibandiko chake, na ya ndani ya sehemu ya betri. Ukoko wa kijani au mweupe kwenye chuma unaonyesha kwamba betri zilivuja humo. Mwombe pia video fupi: redio ikiwashwa, sindano ikisogea, na kituo cha hapa mjini kikitaja jina lake na saa. Picha iliyochukuliwa kwingine haiwezi kufanya hivyo.

Sikiliza sauti yenyewe. Mchakacho unapozungusha kitufe cha sauti mara nyingi ni vumbi, na fundi anaweza kulisafisha. Mvumo mzito usiokoma kwenye mashine ya umeme wa ukutani mara nyingi ni kapasita zilizokauka. Hiyo ni kazi kubwa zaidi, na bei inapaswa kushuka. Maneno “inahitaji fundi kidogo tu” yasikubaliwe kabla fundi mwenyewe hajaiona.

Anayedai pesa zote zitangulie kwa telefone, huku akikataa mkutane mahali penye watu, aachwe. Kwa familia iliyohama, dola 15 zilizopotea ni chakula cha siku kadhaa, na nyumba inabaki tena bila habari. Mnunuzi aende na betri zake mwenyewe, aiwashe redio mbele ya muuzaji, na aiache ilie kwa dakika 10. Mashine nyingi mbovu huanza vizuri, kisha hunyamaza zikipata joto.