Taa ya Tiba Iliyogeuka Hatari

Mimi ni muuguzi wa ngozi, na historia hii huniuma. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Copenhagen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga wa taa. Miaka ya 1970 Mjerumani Friedrich Wolff akaanza kuuza vitanda vya taa kwa wenye afya njema, waliotaka tu ngozi ya rangi ya shaba. Miale ya urujuanimno inayotoka kwenye vitanda hivyo huharibu vinasaba vya seli, na wanaoanza kuvitumia wakiwa vijana huathirika zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa saratani wa WHO waliviweka vitanda hivyo katika kundi moja na tumbaku. Brazil ikavipiga marufuku kwa urembo. Nawasihi wasichana: rangi mliyozaliwa nayo yatosha.