Binti wa Mchimba Makaa (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Loretta, mzaliwa wa Butcher Hollow, milimani Kentucky, Marekani, aliolewa na Oliver Lynn mwaka 1948 akiwa na miaka 15. Wakahamia jimbo la Washington. Huko, akiwa na watoto wanne, mumewe alimnunulia gitaa la dola 17. SASA ENDELEA…

Sahani yake ya kwanza, “I’m a Honky Tonk Girl”, ilitoka mwaka 1960. Zero Records, walioitoa, walikuwa wachanga na hawakuwa na fedha za kuitangaza. Basi mume na mke wakaitangaza wenyewe. Waliwasha gari, wakazunguka kituo kimoja cha redio baada ya kingine, wakila mkate na soseji, wakilala humo humo garini. Kila kituo Loretta alishuka, mgeni asiyejulikana, akamwomba mtangazaji aupige wimbo wake. Wengi humsifu kwa sauti. Mimi namvulia kofia zaidi kwa safari ile.

Na kuna uchungu ndani yake. Baba yake, Ted Webb, aliyelea watoto wanane kwa kuchimba makaa ya mawe, alifariki mwaka 1959. Hakuwahi kumsikia binti yake redioni.

Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 14 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Mwaka huo huo Loretta akasimama Nashville, kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, ambako kila mwimbaji wa kantri huota kufika. Lakini mji ule ulikuwa na nyota wake tayari, na mmoja wa wanawake waliong’aa ni Patsy Cline.

Juni 1961, gari alimokuwa Patsy likagongana uso kwa uso na jingine. Alirushwa hadi kwenye kioo cha mbele, kikamchana vibaya usoni. Wakati amelazwa, wimbo wake “I Fall to Pieces” ulizidi kupanda.

Usiku mmoja, katika duka la sahani la Ernest Tubb, kipindi kikirushwa moja kwa moja, Loretta alishika maikrofoni. Akamtaja Patsy, kisha akauimba wimbo ule ule wa Patsy.

Wodini, redio ilikuwa imewashwa. Patsy, kichwa kimefungwa bendeji, alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamgeukia mumewe, Charlie Dick, akamwagiza: yule mwanamke atafutwe, aletwe mbele yake!

Anaitiwa nini? ITAENDELEA WIKI IJAYO.