Kiraka Bila Mwenzake

Sisi wa Ifakara tunaijua thamani ya daftari. Tangu Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara ya utafiti mjini kwetu, bonde la Kilombero limekuwa likiandikwa. Mwaka 1996 ukaanza utaratibu wa kupita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, kuorodhesha waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Mtoto aliyeishi siku chache tu kijijini, bila cheti chochote, huenda asiwe na alama nyingine duniani ila mstari huo mmoja. Siku hizi mistari ya namna hiyo hukaa ndani ya kompyuta, na ndiyo maana kisa cha mwaka 2023 kilinigusa, ingawa kilitokea mbali na mashamba yetu ya mpunga.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, na ndani yake mna kiini. Programu haiigusi diski kwa mkono wake. Hukikabidhi kiini maneno, nacho ndicho huyapeleka kuhifadhiwa. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kina matoleo yanayotunzwa kwa miaka mingi, kama lile la 6.1. Toleo la aina hiyo haliongezewi mapambo. Huletewa viraka tu, vinavyochukuliwa kutoka matoleo mapya zaidi.

Mwishoni mwa Novemba 2023 kiraka kimoja kililetwa katika toleo la 6.1.64. Nia yake ilikuwa njema: umeme ukikatika, urefu wa faili lililoandikwa kwenye mfumo wa ext4 usipotee. Katika toleo jipya kiraka hicho kilitanguliwa na badiliko jingine lililokitengenezea njia. Katika 6.1 kikaja peke yake, mwenzake akaachwa nyuma.

Basi ikawa hivi. Programu iliyoandika kwenye diski moja kwa moja ilimaliza mstari wake, lakini alama ya mahali pa kuendelea haikusogezwa. Mfikirie karani anayeandika kaya ya pili juu ya kaya ya kwanza, naye hana habari. Hakuna kengele iliyolia. Si programu zote huandika kwa njia hiyo, lakini kwa zile zinazoandika hivyo, kumbukumbu ziliweza kuharibika kimyakimya.

Tarehe 9 Desemba watunzaji wa Debian walikuwa wakitoa toleo lao la 12.3. Walipoitambua hatari wakalisimamisha, wakawaonya watu wasiweke kiini hicho. Kesho yake wakatoa 12.4, yenye kiini 6.1.66. Dawa yenyewe haikuwa kukitupa kiraka. Ilikuwa kumleta yule mwenzake aliyesahauliwa.

Hapa bondeni jambo hili halihitaji maelezo marefu. Tangu 2006, dawa ya kwanza ya malaria nchini imekuwa ya mseto: mbili pamoja, moja ikipunguza vijidudu upesi, nyingine ikibaki mwilini kumalizia. Hakuna mganga mwenye busara atakayetoa nusu ya mseto kwa hoja kwamba nusu hiyo ni dawa nzuri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa maoni yangu, ugumu wa kosa lile ulikuwa hapo. Ungekisoma kiraka mstari kwa mstari usingeona ubaya wowote, kwa kuwa ubaya haukuwa ndani yake; ulikuwa katika kile kilichokosekana pembeni yake. Nawasifu waliokitafuta, lakini nawasifu zaidi waliokubali kuliacha toleo ambalo kazi yake ilikuwa imekwisha kuanza. Kuchelewa siku moja kunasameheka. Mstari wa mtoto yule, ukishaandikwa juu yake mstari mwingine, hauna mtu wa kuurudisha, isipokuwa mahali fulani liwe limehifadhiwa daftari la pili.