Flapu za ndege

Flapu za ndege ni vipande vya ukingo wa nyuma wa mabawa, karibu na kiwiliwili cha ndege, vinavyoshushwa ili ndege iweze kuruka polepole bila kuanguka, hasa wakati wa kutua.

Katika ndege ndogo za kujiundia, flapu huendeshwa kwa wenzo wa mkono au kwa mota ya umeme. Hitilafu hutafutwa ndege ikiwa chini:
* Mota haizunguki: hukaguliwa fyuzi, swichi na nyaya. Umeme ukifika kwenye mota bila kuzunguka, mota ni mbovu.
* Mota inazunguka lakini flapu hazisogei: kiungo kimekatika au kulegea.
* Flapu zinakwama njiani: bawaba zina kutu au zimepinda.
* Upande mmoja unashuka kuliko mwingine: hii ni hatari kuliko zote, kwa sababu ndege huviringika upande. Ikitokea angani, rubani huzirudisha flapu zilipokuwa. Ndege hairuki tena hadi itengenezwe.

Ndege nyingi ndogo zinaweza kutua bila flapu, ila kwa kasi kubwa zaidi. Mji wa Njombe, kusini mwa Makambako, uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, hivyo kasi halisi huzidi ile ya kipimo kwa asilimia 10 hivi. Ndege isiyo na flapu huhitaji uwanja mrefu zaidi huko kuliko pwani.