Waliovunjika Mgongo Walivyopata Kuishi

Wamisri wa kale walikuwa na gombo la mafunjo, lililonakiliwa yapata miaka 3600 iliyopita, ambamo mganga aeleza habari za mtu aliyevunjika shingo: hana habari ya mikono wala miguu yake, na mkojo wamtoka asijue. Mganga akata shauri kwamba ugonjwa huo hautibiki. Shauri hilo lilidumu hata karne ya 20, nasi twasema liliua wengi kuliko mvunjiko wenyewe.

Maana ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna ugwe laini, upelekao amri za ubongo mwilini na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Ukikatika shingoni, mikono na miguu hupooza pamoja. Ukikatika chini zaidi, mikono husalimika. Ukiisha kukatika, hata leo waganga hawajaweza kuuunga. Lakini si huko kukatika kulikowaua wengi. Sisi tulio wazima twajigeuza kitandani pasipo kufikiri, kwa kuwa mwili watuuma. Yeye haumwi, hulala vile vile, damu haipiti hapo mfupa unapoigandamiza ngozi juu ya godoro, na nyama huoza mpaka mfupa waonekana. Kibofu nacho hujaa asijue, mkojo huharibika, na ugonjwa hupanda mpaka kwenye figo.

Mwaka 1917 kijana Myahudi wa Ujerumani, Ludwig Guttmann, alikuwa akitumika katika hospitali ya mji wa Königshütte. Akaletwa mchimba makaa ya mawe, mtu mwenye nguvu, aliyevunjika mgongo. Guttmann alipotaka kuandika habari zake aliambiwa asijisumbue, kwani baada ya majuma machache mtu yule angekuwa amekwisha kufa. Akafa baada ya majuma matano, naye kijana hakumsahau.

Guttmann akawa mganga, na mwaka 1939 akakimbilia Uingereza kwa sababu ya maonevu ya Hitler. Tarehe 1 Februari 1944 alifungua wodi huko Stoke Mandeville, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa mgongo vitani. Dawa yake haikuwa ya ajabu. Aliondoa plasta walizofungwa, akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na kibofu kitolewe maji kwa usafi mwingi. Twadhani sifa kubwa yawapasa wauguzi walioamka usiku kucha kuwageuza watu wazito, ijapokuwa majina yao ni nadra kutajwa. Vidonda vilipopona, Guttmann hakuwaacha walale tu. Aliwatia katika kazi za useremala na kutengeneza saa, wengine wakalalamika kwamba awasumbua mno.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2, waliketi katika viti vya magurudumu kwenye uwanja wa majani wa Stoke Mandeville, wakashindana kupiga mishale. Mwaka 1960 wenzao wapatao 400, wa nchi 23, walikutana Rome kushindana vivyo hivyo.