Ruhusa ya Kuuza Njiani Zamani za Warumi

Njia ni mali ya watu wote. Basi mtu mmoja apataje kuweka meza yake hapo? Swali hili ni la kale. Mji wa Pompeii, katika Italia, ulifunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Ulipofukuliwa, kwenye matao ya nje ya kiwanja cha michezo yalionekana maneno ya rangi: Gnaeus Aninius Fortunatus ameshika mahali hapa kwa ruhusa ya maedili. Maedili ndio waliosimamia njia na masoko, nao walichaguliwa kwa mwaka mmoja tu. Sidhani Fortunatus alilala usingizi mzuri uchaguzi ulipokaribia.

Huko Roma mambo yalizidi. Vinyozi, wauza nyama na wauza mvinyo walisogea nje kidogo kidogo, hata barabara zikawa vichochoro, na wapita njia wakakanyaga matope. Yapata mwaka 92 Kaisari Domitian akaamuru kila duka lirudi ndani ya kizingiti chake. Mshairi Martial alimsifu sana. Lakini yeye hakuwa muuza mvinyo.